Vibao Vitatu Vinaning'inia: Risala ya Waongoza Wageni wa Mapango

Mgeni rasmi, mheshimiwa uliyeacha shughuli zako ukaupanda mlima wetu wa mawe ya chokaa. Mhandisi wa machimbo. Mabibi na mabwana:

MAKARIBISHO
Karibu sana. Tuwie radhi tukisoma haraka na kugeuza shingo kila mara. Si utovu wa adabu. Nyuma yetu ndipo ulipo mlango wa pango, na roho zetu ziko huko.

HISTORIA
Mlima huu juu ni mkavu, una mawe makali yanayomaliza soli za viatu. Mto ukifika hapa unazama ardhini na kutokea upande wa pili, kwenye kisima tunachochota sote. Katikati, maji yamekuwa yakilila jiwe tangu enzi na enzi na kuchonga vyumba. Kiongozi wetu ni mama tunayemwita Mama Matone, maana akisikia tone likianguka gizani anajua yuko chumba gani.

MAFANIKIO
Wageni wanakuja, na kila mmoja tunampeleka panapomfaa. Wazee na watoto huishia Chumba cha Nguzo, wasiojali harufu huenda Ukumbi wa Popo, na walio tayari kutambaa kwa tumbo hufika Dimbwi la Ndani. Kwa suti hiyo, mheshimiwa, tungekushauri uishie kwenye nguzo.

Hatujawahi kupoteza mtu. Kila mmoja wetu ana kibao cha bati chenye jina lake. Ukiingia unakitundika msumarini pale mlangoni, ukitoka unakiondoa kwa mkono wako mwenyewe. Kibao kikibaki, hakuna anayekwenda nyumbani.

CHANGAMOTO
Mwaka jana mmoja wetu alitoka akasahau kibao chake. Tulimtafuta kutwa nzima, na Mhandisi akasimamisha mitambo yake, kumbe mwenzetu kajilalia kwake fofofo. Mtu huyo ni mimi ninayesoma risala hii. Tangu siku hiyo vibao vyetu vimekuwa kichekesho pale machimboni.

Mheshimiwa, tangu machimbo yaanze kutoboa mlima, maji ya kisima yamekuwa meupe. Leo alfajiri Mama Matone aliingia kuchota chupa ya maji Dimbwi la Ndani, uyaone kwa macho yako kabla hujazindua ulipuaji. Alisema saa mbili atakuwa amerudi, na chupa iwe mezani kwako, hapo penye nafasi karibu na maua. Sasa ni saa nne na robo. Mkwewe na Kinyozi, wote wawili wenzetu chamani, wamemfuata na wao hawajatoka. Vibao vitatu vinaning'inia.

Tulimwambia Mhandisi asubuhi. Alitujibu, "Nyie na vibao vyenu. Mama wa watu yuko kwake anakunywa chai." Tukatuma mtu. Amekuta mlango una kufuli kwa nje na jiko limepoa. Tulipomrudia, alisema ratiba ni ratiba, saa tano baruti inalipuka. Tunaogopa, mheshimiwa. Hatuna neno la heshima zaidi ya hilo.

MAOMBI
Tulikuwa tumeandika maombi matano: barabara, kofia ngumu, choo cha wageni na mengineyo. Tumeyafuta kwa kalamu tukiwa tumesimama hapa, ndiyo maana karatasi hii imechafuka. Limebaki moja.

Hicho kitufe chekundu kilicho mbele yako, usikibonyeze mpaka kibao cha tatu kitoke msumarini, na akitoe mwenyewe. Kama tumekosea na Mama Matone atatokea hapo nyuma akitucheka, basi tucheke sote, na kibali chetu cha kuongoza wageni ukichukue. Mimi nilishachekwa mara moja, nitasimama hapa nichekwe tena, na nitafurahi kuliko mtu yeyote mlimani leo.

Ukituruhusu, hatutasubiri hotuba. Tutakimbilia pangoni kuwatafuta, na tunaomba usituone wakorofi.

Mungu akupe afya, akurudishe salama kwa wanaokungoja nyumbani, na wetu pia awarudishe kwetu.

Ni sisi, Chama cha Waongoza Wageni wa Mapango, watu kumi na wanne. Tuhesabu, mheshimiwa. Tuliosimama mbele yako ni kumi na mmoja.