Mama Giza, Aliyezipa Kompyuta Zetu Sauti

Ijumaa hii, tarehe thelathini, fundi mkuu wa kompyuta wa kiwanda chetu cha kuchapa vitabu vya shule atakabidhi funguo za chumba chake na kustaafu, baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi. Kwenye barua yake ya ajira ana jina refu lenye heshima zake. Humu ndani hakuna anayelitumia. Kwa walinzi, kwa wapishi wa kantini, na kwa mkurugenzi mwenyewe akijisahau, yeye ni Mama Giza.

Mimi ninayeandika ni msahihishaji wa vitabu vya nukta nundu, yale maandishi ya vidole tunayosoma sisi tusioona. Macho yangu yalizimika nikiwa mtoto. Ofisi ya utumishi imeniomba wasifu wa kuchangamsha, wenye vichekesho viwili vitatu. Vichekesho vipo. Uchangamfu nimeutafuta nikaukosa, na msomaji aniwie radhi.

Mama Giza aliingia hapa akiwa mpiga taipu. Wanaomkumbuka enzi hizo wanasema mashine yake ilisikika hadi getini, na kwamba alikuwa akigombana nayo kwa sauti, akiiita shemeji. Kompyuta za kwanza zilipoletwa, wakubwa walitafuta mtu wa kwenda kozi. Wenzake wote wakawa na udhuru: huyu ana msiba, yule ana safari, mwingine magoti yamemkaza. Yeye hakuwa na udhuru wowote, basi akaenda. Alirudi fundi, na tangu siku hiyo kila kilichoharibika humu ndani na kina waya kikawa chake, hata birika la chai.

Chumba cha nukta nundu kilifunguliwa baadaye, kule mwisho wa korido, jirani na stoo ya karatasi. Tuko watatu, wote hatuoni. Yupo Babu Nukta, mkongwe wetu, ambaye vidole vyake vinasoma haraka kuliko watu wengi wanavyoongea. Yupo Binti wa Hesabu, anayesahihisha vitabu vya hisabati na hana subira na mtu yeyote. Na mimi. Mwanzoni tulikuwa tunasomewa: mtu mwenye macho anakaa na muswada, anausoma kwa sauti, nasi tunafuatilia kwa vidole kwenye karatasi zetu. Msomaji akichoka anaruka mistari. Akienda msibani, kazi imelala. Tuliishi kwa hisani ya koo za watu.

Mama Giza ndiye aliyetutoa huko. Alisikia habari za mfumo huria wa kompyuta, ule unaotengenezwa na watu wa kila pembe kwa kushirikiana, na ambao yeyote anaruhusiwa kuufungua, kuuchungulia ndani na kuurekebisha. Akagundua kwamba ndani yake imo sauti inayoweza kusoma Kiswahili. Ilikuwa sauti ya bati, sikatai. Siku ya kwanza ilipofika kwenye ng'ombe ilimkata mnyama vipande viwili, Babu Nukta akacheka hadi akadondosha fimbo. Mama Giza hakucheka. Alikaa nayo neno kwa neno, akaifundisha ng'ombe, akaifundisha ng'ambo, na marekebisho yake akawatumia watengenezaji huko waliko. Walimjibu kwa shukrani, na yeye akatembea na furaha hiyo wiki nzima bila kumwambia mtu sababu.

Lakini mfumo ni nyumba tu, na nyumba isiyo na vyombo hailaliki wala haipikiki. Ilibidi achague programu za kutia ndani: ya kuandikia, ya barua pepe, ya mahesabu, ya kurekodi sauti, ya kutunza nakala. Kwenye mfumo ule kila kazi ina programu kumi zinazogombea, na kila moja ina wapenzi wake wanaoapa kwamba nyingine zote ni takataka. Mchoraji wetu wa majalada, mtu wa macho na madaha, alimshauri achukue zile nzuri na amalize, maana mchagua nazi hupata koroma. Mama Giza akamjibu kwamba yeye nazi haiangalii, anaitikisa.

Na kweli alizitikisa. Alikuwa na utaratibu ambao sijausikia kwa fundi mwingine. Kipanya alikitundika ukutani kwenye msumari. Skrini aliizima. Akavaa vifaa vya masikioni, akaanza kufanya kazi zake zote za kiofisi kwa programu anayoijaribu, kwa vidole na masikio peke yake, wiki nzima. Mumewe, dereva wa malori ya kiwanda, alimpitia jioni moja akamkuta kakodolea kioo cheusi.

“Umeme umekatika, mama watoto?”

“Haujakatika. Sogea, unanipigia kelele.”

Mume akaenda kuwasimulia madereva wenzake, na hapo ndipo jina lilipozaliwa.

Kosa moja hakulisamehe kamwe. Zipo programu ambazo vitufe vyake vina picha za kupendeza lakini havina majina, na ile sauti ya kusoma ikivipitia husema tu: kitufe, kitufe, kitufe. Mama Giza alisema huo ni ukosefu wa adabu, kama mtu anayegonga mlango wako na ukiuliza nani, anaendelea kugonga. Programu ya namna hiyo iliondoka siku hiyo hiyo, hata ingekuwa na sifa gani. Ya barua pepe aliyoichagua ilikuwa na sura mbaya, kwa mujibu wa wenye macho, lakini kabla ya kutuma inakusomea jina la unayemtumia. Ya kuandikia ilishinda kwa sababu ukifuta neno, inakwambia umefuta nini. Kwa mtu anayeona hilo ni jambo dogo. Kwangu ilikuwa tofauti kati ya kufanya kazi na kubahatisha. Mchoraji wa majalada alilalamika kwamba chumba chetu kimejaa programu za kizee. Uzuri wa mkakasi, alijibiwa, ndani kipande cha mti.

Ni kweli aliwahi kuteleza, na hili siwezi kuliacha. Alipozipenda mno programu zake, aliamua kiwanda kizima kizitumie, akazipanga kwa mtindo wake ule ule, skrini ikiwa imezimwa. Hakujua kwamba mahali fulani amechagua herufi nyeusi juu ya ukurasa mweusi. Asubuhi kompyuta zikawashwa. Chumba cha nukta nundu tulichapa kazi kama kawaida, tukishangaa tu kelele za kule mbele. Saa nne mhasibu akaingia mbio, akasema kompyuta zimekufa. Binti wa Hesabu akamwambia zetu ziko hai, labda yake imemchoka. Ikabidi mhasibu avute kiti kando yangu, na mimi nikamsomea hesabu zake za mwezi, tarakimu kwa tarakimu, naye anaandika. Mama Giza alipoelewa alichokifanya alicheka peke yake chumbani kwake, tukamsikia hadi korido.

Vichekesho vimeisha. Sasa niseme kilichobaki.

Makao makuu yameamua kompyuta zote za kiwanda ziwe za aina moja, mpya, zenye mfumo wa kununua, zilizofungwa, kiasi kwamba hapa hakuna atakayeruhusiwa kuongeza wala kupunguza programu. Nafasi ya Mama Giza haitajazwa. Mtaalamu kijana mwenye manukato alikuja na mashine ya majaribio, akatuvalisha vifaa vya masikioni mmoja mmoja, akafungua kitabu cha kusoma cha darasa la tatu. Sauti ilikuwa laini kweli, ya mtu mwenye afya. Ila ilisoma Kiswahili kwa ulimi wa kigeni, ikitafuna silabi na kuzitema mahali pasipo pake. Sentensi ambayo mtoto anaisoma bila shida niliisikiliza tena na tena nisiambulie hata neno. Nikapitia programu zenyewe. Kitufe, ikaniambia. Kitufe. Kitufe.

“Mtazoea,” mtaalamu akasema kwa upole.

“Kaka, tuzoee nini?” Binti wa Hesabu akamuuliza. “Hata hatujui imesema nini.”

Mama Giza alieleza yote hayo kwa wakubwa, kwa mdomo na kwa maandishi. Alipendekeza mashine zetu tatu ziachwe zilivyo, zisiguswe, zizeeke na sisi. Jibu lilikuwa kwamba mkataba umeshatiwa saini na mashine lazima zifanane. Sisi watatu tutahamishiwa kitengo cha simu. Simu za kiwanda ni mbili. Kitabu cha hisabati cha darasa la sita, ambacho Binti wa Hesabu alikuwa katikati yake, kimefungwa kwenye kabati. Watoto wasioona watakaoingia darasa la sita mwakani watasomewa na mtu, akipatikana, kama tulivyosomewa sisi.

Alikwenda tena kwa mkurugenzi, safari hii kwa ajili ya zawadi yake. Wafanyakazi tulikuwa tumeambiwa atapewa friji. Akasema friji analo, linagandisha, halina tatizo. Kama wanampenda, basi wampe mashine zile tatu, zibaki pale pale zilipo na watu wake pale pale walipo. Mkurugenzi si mtu mbaya. Waliokuwa nje ya mlango wanasema walimsikia akimvutia kiti kwanza, ndipo akamjibu.

“Mama, hilo liko nje ya uwezo wangu. Friji ndilo lililo ndani ya uwezo wangu.”

Alirudi chumbani kwetu, akakaa kwenye kiti cha wageni. Nikasikia pumzi zake zinakatika. Nimefanya kazi naye miaka yote hii na sikuwahi kumsikia akilia. Babu Nukta alinyoosha mkono hewani hadi akaupata wa kwake, wakakaa hivyo. Nina hasira, lakini zaidi ya hasira nimekata tamaa, na sioni sababu ya kulificha hilo kwa kuwa tu Ijumaa patakuwa na keki ya kumuaga.

Jana wale vijana wa kubadilisha mashine walianza kazi. Mama Giza aliwaomba hizi tatu za kwetu azizime mwenyewe. Alianza na ya Binti wa Hesabu, kisha ya Babu Nukta. Sauti ile ya bati, ukiizima, ina sentensi ndefu kidogo ya kueleza kwamba mfumo unafungwa. Angeweza kuchomoa waya na yakaisha, ila kila mara aliingoja imalize kusema. Babu Nukta hakukaa kusikiliza ya kwake. Alitoka akasimama koridoni akijifanya anatafuta fimbo, wakati fimbo ilikuwa mkononi mwake, tulisikia ncha yake ikigonga sakafu.

Yangu imeachwa hadi leo saa kumi, ili nimalize wasifu huu. Yeye amekaa nyuma yangu hapa, hasomi ninachoandika. Kila nikifuta neno, mashine inaniambia nimefuta nini, naye anasikia, lakini ni mstaarabu, anajifanya hasikii.

Mama Giza, kwa niaba ya kiwanda chote, asante. Kwa niaba ya chumba cha mwisho wa korido, asante kwa namna ambayo kiwanda hakiwezi kuijua. Ukaishi vizuri. Ulale hadi jua lipande, wajukuu wakuchoshe, mzee wako akuendeshe polepole kwenye barabara nzuri, na siku zako zilizobaki ziwe nyingi na nyepesi. Hatukudai kitu. Usituwazie sana.

Wasifu huu utachapwa kesho kwa mashine mpya, kwa wino, kwenye karatasi nzito ya kung'aa, na kila atakayeingia ukumbini atapewa nakala. Niliomba moja ya nukta nundu. Nimejibiwa kwamba printa yetu haielewani na mashine mpya, na hakuna ajuaye lini itaelewana. Kwa hiyo Ijumaa nitakaa na karatasi laini mapajani, na mimi niliyeiandika sitajua imesema nini. Atakayekaa kando yangu, tafadhali, nisomee.