Nyumba Kumi na Tisa za Paa Jekundu: Maisha ya Mzee Alimasi Uledi, 1957–2025

Asalam aleykum, na amahoro kwenu msio Waislamu, ndugu, jamaa na majirani, nanyi mliotoka Magara, Minago na Kizuka tangu alfajiri. Maneno haya yameandikwa na Hadjara, mkamwana wa marehemu, na yanasomwa kwa niaba ya familia na mume wake Tahiri, mtoto wa kiume wa marehemu. Tunajua kuna neno linalozunguka mtaani tangu mwaka jana, kwamba mzee huyu aliuza nyumba za majirani zake kwa watu wa kupima ardhi, na tunajua pia kwamba wako walioketi nje ya ukuta hivi sasa kwa sababu ya neno hilo, wamekuja kuzika lakini hawataki kuingia. Tunawaomba wasogee wasikie, maana mzee hawezi tena kujibu, na hatutaki ashushwe kaburini na neno hilo juu yake.

Marehemu Alimasi Uledi alizaliwa hapa Rumonge tarehe 4 Machi 1957, mtoto wa tatu wa mzee Uledi, aliyetoka Ujiji kuja kuuza chumvi, na mama Aliya, mzaliwa wa hapa. Mwaka 1966, akiwa na miaka tisa, baba yake alimpeleka kwa boti hadi Kigoma kuwasalimia shangazi zake, na huko akaona treni ikiingia stesheni, na waliporudi alikaa siku mbili bila kusema na mtu, siku ya tatu akafunga makopo sita ya maziwa kwa kamba na kuyakokota uwanjani, hadi baba yake akawaambia majirani, "Huyu mutoto tumemuacha Kigoma, tumerudi na kivuli yake."

Alisoma shule ya msingi hapa Rumonge kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, akamaliza darasa la sita, akijua kusoma Kifaransa kidogo na Kiswahili vizuri, na mwandiko wake ulikuwa mdogo lakini safi. Mwaka 1972, kama wazee mlioketi hapa mnavyojua, pwani hii haikuwa mahali pa kukaa, familia ikakimbia kwa boti hadi Kigoma, na kuanzia mwaka 1974 hadi 1984 Alimasi alifanya kazi stesheni ya Kigoma, kwanza akifagia mabehewa, kisha akimsaidia mzee mmoja aliyekuwa akigeuza reli ili treni ishike njia yake. Katika miaka hiyo kumi alisafiri kwa treni mara moja tu, hadi Tabora, mwezi Juni 1981, na ingawa alikuwa na kiti chake alikwenda amesimama dirishani njia nzima.

Alirudi Rumonge mwezi Novemba 1984, akaanza ufundi wa bati, na wavuvi wengi mlio hapa mlivulia kwa taa zilizopita mikononi mwake, na wauza mawese wa Kizuka bado mnamiminia mafuta kwa faneli alizozichomea yeye. Tarehe 16 Agosti 1986 alifunga ndoa na Biasha binti Hakimu wa Minago, wakajaliwa watoto watatu, Kaoutar aliyezaliwa mwaka 1988, Tahiri aliyezaliwa mwaka 1990, na Jamali aliyezaliwa mwaka 1994 na kutuacha akiwa na miezi saba, na leo marehemu anaacha mjane, watoto wawili na wajukuu watano.

Sasa tuseme habari ya vitabu, kwa sababu ndipo watu walipoanza kumtilia mashaka, na wa kwanza alikuwa mke wake mwenyewe. Kuanzia mwaka 2003 mzee alikuwa akipanda baiskeli kila Alhamisi kwenda Magara, anarudi na ndagala ambazo nyingine zilikuwa zimeanza kunuka, naye hazili, na Mama Biasha akajiuliza ni mwanamume gani huyo anayepita samaki wote wa Rumonge kwenda kununua wabovu mbali hivyo, kama hakuna mwanamke. Alhamisi moja ya mwezi Mei alimfuata, akamkuta amechuchumaa kwa mchuuzi Kadidja, anafungua vifurushi vya ndagala kimoja kimoja na kuzitazama karatasi, na kabla hajafungua mdomo Kadidja akapaza sauti soko zima lisikie, "We mama, ndiye bwana yako huyu? Kuja umuchukue! Mimi hanitaki, anataka makaratasi, samaki yangu anaiacha iko inakaukia juani!"

Kadidja alikuwa amepata kwa mfanyabiashara wa ng'ambo magunia ya karatasi kuukuu za kufungia, na ndani yake kulikuwa na vitabu vya reli vilivyochanwa, vyenye picha za injini, madaraja na stesheni, na Alimasi alikuwa akinunua samaki ili apate kurasa. Siku hiyo Mama Biasha alicheka hadi akakaa chini, na kuanzia wiki iliyofuata Kadidja akaanza kuzitenga kurasa zote zenye treni, akazipanga kwa namba ingawa hajui kusoma, alizilinganisha tu namba kwa macho, na akamzuia kununua ndagala mbovu. Mzee alizianika, akazishona kwa uzi wa nyavu, na ameacha vitabu kumi na vinne, vingine bila mwanzo, vingine bila mwisho, na vyote vinanuka samaki hadi leo.

Kwa sababu ya harufu hiyo paka wa mtaa walizoea kukaa dirishani kwake mchana kutwa, saba, wanane, na kwa kuwa chumba kilikuwa kinafungwa kwa ufunguo ili watoto wasiungue na risasi ya kuunganishia bati, watu waliona paka, wakaona mlango umefungwa, wakasikia kitu kinaunguruma ndani kila siku saa kumi alasiri, wakaunganisha wenyewe. Tunawaelewa. Hata Hadjara, alipoolewa humu mwaka 2018, alipita mbele ya mlango ule kwa haraka mwezi mzima.

Kilichokuwa kinaunguruma ni treni. Mzee alikuwa amejenga juu ya meza ya mbao, inayojaza chumba ukuta hadi ukuta, pwani yetu yote kwa udogo, ziwa la bati lililopakwa buluu, minazi na michikichi ya waya, na reli inayotoka Kigoma kufuata maji hadi Rumonge, Minago na Magara, reli ambayo duniani haipo. Vyuma vya reli ni njiti za magurudumu ya baiskeli zilizonyooshwa, injini ni mota ya redio kaseti na betri nne, na mtaa wetu umo, nyumba thelathini na nne za makopo, kila mmoja wenu angeitambua ya kwake kwa mlango na kwa mti wake.

Mwezi Februari 2024 walipita vijana watatu wenye makoti ya manjano, wakapima barabara, wakachora alama nyekundu kwenye kuta za nyumba kadhaa, wakaondoka bila kusema, na tangu siku hiyo mtaa ulikosa raha. Ilipofika Idi, tarehe 10 Aprili, mzee alifungua mlango wa chumba ili watoto waone treni, watoto wakawaita wazazi, na jirani yetu Hamidou, anayekaa mbele yetu, ng'ambo ya barabara, akaingia, akasimama, akahesabu, na akaona kwamba nyumba kumi na tisa mezani zimepakwa rangi nyekundu juu ya paa, na ya kwake ikiwa mojawapo.

"Mzee," akasema, "nyumba yangu iko na alama."

Marehemu akacheka, akamwambia, "Ni alama nzuri hiyo, Hamidou, usiogope."

Jibu hilo ndilo lililomharibia. Kabla jua halijazama mtaa mzima ulijua kwamba mzee Alimasi ana ramani, kwamba anajua nyumba zitakazovunjwa reli ikija, na kwamba anacheka. Waliokuwa na paa jekundu walimwogopa, waliokuwa hawana walijiuliza atawadai malipo gani kwa kuwaacha, vyombo vya bati vikaacha kuletwa kuzibwa, salamu zikafupishwa. Mwanawe Tahiri, anayefanya kazi kwenye mashine ya mawese kule Kizuka, aliulizwa na wenzake kila asubuhi baba yake amepewa nini, na tarehe 7 Julai 2024 alisimama mlangoni mwa kile chumba na kumwambia, "Baba, watu wanasema unatuuza. Kama si kweli, kwa nini hausemi?" Marehemu aliendelea kunyoosha njiti yake, akajibu, "Nikisema, hawatakuwa tena vile walivyo." Tahiri aliondoka, na hakuingia tena chumbani humo kwa mwaka mmoja na miezi mitatu, na kila alipoisikia treni saa kumi alitoka nje ya nyumba. Hadjara alitaka kuifuta sehemu hii, Tahiri anayewasomea ameomba ibaki.

Marehemu aligunduliwa kuwa na kisukari mwezi Septemba 2023, na mwaka huu mwezi Machi figo zikaanza kushindwa, akatibiwa hapa Rumonge, akapelekwa Bujumbura mara mbili, akarudishwa nyumbani tarehe 20 Septemba. Wageni walikuwa wachache. Lakini kila Ijumaa tulikuta juu ya ukuta wa nje bakuli jeupe lenye ukingo wa buluu, lina samaki, mukeke wa kuchemsha bila chumvi, kama daktari alivyoagiza, na hakuna aliyejitaja. Tukiri na hili, kwamba mara ya kwanza tulihofia sumu, Mama Biasha akawapa paka, tukawatazama paka hadi jioni, nao wakaomba zaidi. Mzee aliposikia alikasirika, akasema, "Mumenyima mugonjwa samaki yake sababu ya maneno ya watu? Na nyinyi pia?" Ijumaa zilizofuata alikula yote.

Alifariki jana, Jumapili tarehe 12 Oktoba 2025, saa moja asubuhi, kitandani kwake, mke wake akimshika mkono, akiwa na umri wa miaka sitini na minane.

Jana hiyohiyo, watu walipoanza kujaa, tulihitaji nafasi ya kutandika mikeka ya kina mama, na Tahiri akaenda kuivunja ile meza. Aliing'oa nyumba ya kwanza yenye paa jekundu kwa nguvu, ikapinduka mkononi, na ndani yake, chini ya paa, alikuta karatasi iliyokunjwa, ina mwandiko wa baba yake. Akafungua nyingine, nayo ina karatasi. Akakaa sakafuni akamwita mkewe, wakasoma pamoja, na Mama Biasha alipoona akasema kwamba aliwahi kumuuliza mumewe kwa nini hasemi wazi, akamjibu kwamba mtu akijua unamwandikia wema wake, kesho hatakusalimia tena, atakuwa anajipendekeza.

Tunawasomea chache. Ya nyumba ya Yudita inasema, "Alinishonea kitabu cha Tabora kilipofumuka, kwa uzi wake mwenyewe, mwaka 2011, akakataa hata soda." Ya fundi wa baiskeli inasema, "Njiti zote zilizopinda ananiwekea, hajawahi kuniambia zimekwisha." Moja inasema tu, "Huyu hunisalimia hata kama mimi sijamwona." Nyumba yetu wenyewe ina paa jekundu, na ndani imeandikwa, "Mkamwana, Februari 2022, alinipa rangi ya kucha iliyobaki, akaongeza na chai, hakuuliza ni ya nini," na hiyo ndiyo rangi nyekundu mliyoiogopa, ya kucha, chupa tatu. Kule stesheni ya Magara kuna kibanda kimoja tu, kina paa jekundu pia, hatudhani Mama Kadidja anahitaji kusomewa. Na ya nyumba ya kona, ya marehemu mzee Mbaraka, inasema, "Mwaka 1996 maji yalipojaa barabarani alimbeba Tahiri mgongoni kutoka shule, akaniambia nisimwoneshe mtoto kwamba najua alikuwa analia." Tahiri hakujua alibebwa na nani, alijua mgongo tu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Rumonge na wa Bujumbura, hasa yule muuguzi aliyempa mzee kalamu yake mwenyewe, wavuvi mliochimba kaburi tangu asubuhi, wafanyakazi wenzake Tahiri wa Kizuka mlioacha mashine ikiwa na moto mkaja, Mama Kadidja, na wewe mwenye bakuli la ukingo wa buluu, bakuli lako la mwisho liko ndani, limeoshwa, usione haya kulifuata. Na tunawaomba msamaha kwa mashaka yetu, kama tunavyowasamehe ya kwenu.

Limebaki jambo moja. Mapaa mekundu ni kumi na tisa, pamoja na kile kibanda, lakini tulifungua kumi na nane. Jana, kati ya asubuhi na adhuhuri, watu wakiingia na kutoka kutoa pole, nyumba moja iliondolewa mezani, ile iliyo mbele ya nyumba yetu, ng'ambo ya barabara, na mahali pake pamebaki misumari miwili. Hatuulizi nani. Tunadhani aliyeichukua alitaka kuiokoa isivunjwe, na mtu anayeokoa nyumba yake hana kosa. Sisi hatukupata kuisoma, mzee hakutuambia kilichomo, na hapa duniani ni wewe peke yako unayeweza kujua. Igeuze, inua paa kwa ukucha, polepole, ameunga upande mmoja tu. Ukitaka baki nayo, ukitaka irudishe, misumari haitang'olewa, na leo saa kumi, tukitoka makaburini, Tahiri ataiendesha treni mlango ukiwa wazi.

Mungu amrehemu na ampanulie kaburi lake. Baba Alimasi, neno limeondolewa juu yako, pumzika sasa kwa amani.