Zawadi Aliyoomba Fundi Wakoli

Baada ya miaka thelathini na minne kazini, Bwana Absalom Wakoli, fundi wa majengo wa chuo chetu hapa Kitale, anastaafu tarehe 30 Juni 2025 na kurudi kwake Kibabii, Bungoma. Kamati ya sherehe ya kumuaga imenipa mimi, Kimeli, kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu nilimshikia ngazi miaka mingi. Nauandika kwa hofu, na mtaona kwa nini.

Alianza kama kibarua, akipanga chumba Kibomet. Mwaka 1993 alituongoza wanaume watano kuezeka mabweni kwa mabamba ya asbesto, tukiyakata kwa msumeno. Tulishuka weupe kama wasaga unga. Jentrix wa jikoni alitunyima chai mpaka tujikung'ute, nasi tukajikung'uta papo hapo mlangoni pake. Tulicheka sana. Hakuna aliyetuambia vumbi lile lina madhara.

Mwaka jana pumzi ilianza kumkatika akiwa ngazini. Hospitali ilimtoa maji kifuani, ikapima, ikasema ni mesothelioma, saratani ya utando unaozunguka mapafu. Vumbi la asbesto huileta, na inaweza kujificha zaidi ya miaka thelathini. Nilikuwa nimeketi kando yake. Nilihesabu kwa vidole miaka yangu tangu vumbi lile.

Daktari hakuficha kitu. Kemo, yaani dawa kali za saratani, ni dripu kila wiki tatu, na vitamini huanza mapema ili dawa isimuumize mno. Mionzi ingeelekezwa ubavuni panapouma, siku chache tu, kupunguza maumivu. Haviponyi ugonjwa huu, ila vyaweza kumpa nafuu na muda. Wakoli, aliyepanda kila paa la chuo hiki bila kamba, alikiri kwamba anaogopa sindano, na kwamba mionzi alidhani ni kuchomwa moto. Hata hivyo alichagua kuanza kemo. Amemaliza dripu tatu, na baada ya ile ya pili alikuja kurekebisha bawaba za mlango wa mkuu wa chuo.

Kamati ilipomuuliza anataka zawadi gani, ikitarajia aseme ng'ombe wa maziwa, aliomba sisi watano pamoja na Jentrix tupimwe kifua kwa picha kabla ya sherehe. Jentrix alitangulia. Wanaume wanne wakafuata. Nimebaki mimi. Nimesingizia mahindi, nimesingizia mvua. Nikikohoa mke wangu hunitazama, nami hutoka nje.

Juzi Wakoli alinipigia simu.

"Kimeli, picha haiumi bana. Si ni kusimama tu? Safari hii ngazi nashika mimi."

Miadi yangu ni saa mbili asubuhi, siku hiyohiyo ya sherehe, naye atanisindikiza. Mkiona viti viwili vitupu mwanzoni, changu na cha mgeni wa heshima, tuvumilieni.

Asante, fundi wetu. Tunakuombea siku njema Kibabii, na pumzi ya kuzifurahia.