Theopista Lyaruu na Ukurasa wa Pili

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika Ushirika wa Kahawa Miteremko hapa Moshi, Bi. Theopista Lyaruu anastaafu leo, tarehe 30 Juni 2025. Aliajiriwa kama mpiga chapa. Anaondoka akiwa msimamizi wa tovuti yetu, kazi aliyojifunza akiwa tayari ana wajukuu.

Wanunuzi wa kahawa husoma habari za vikundi vya wakulima kwenye tovuti hiyo kabla ya kuchagua sampuli za kuonja. Theopista alizipanga habari hizo kumi kila ukurasa, mpya zikitangulia. Kasoro ilikuwa moja: msimbo wake, yaani maelekezo aliyoiandikia kompyuta, uliziomba kutoka kwenye hifadhidata bila kutaja msomaji yuko ukurasa wa ngapi. Aliyebofya ukurasa wa pili alirudishiwa zile kumi za mwanzo. Vikundi vya Uru, hodari wa kutuma habari, vilionekana mara mbili. Vya Mwika havikuonekana kabisa. Bahati mbaya, Theopista ni mzaliwa wa Uru.

Ofisini hatukugundua, kwani sote tulitazama ukurasa wa kwanza tukaridhika. Aliyegundua ni Mzee Sylvanus, katibu wa kikundi kimoja cha Mwika, uchaguzi wa sampuli ukikaribia kufungwa. Alishuka mjini kuuliza, kwa upole wenye pilipili, kama Mwika imehamishiwa Kenya, au ni watu wa Uru tu wanaolima kahawa siku hizi.

Tulijaribu kuvirundika vikundi vyote kwenye ukurasa mmoja. Ukurasa ukagoma kufunguka kwenye simu ya mzee mpaka chai yake ikapoa. Theopista alisoma upya msimbo wake, akacheka, akatangaza kosa ni lake, kisha akamwamkia mzee shikamoo ya pili kana kwamba ndiyo kwanza amefika. Namba ya ukurasa ikaongezwa kwenye msimbo, Mwika ikaonekana, na sampuli yao ikaitwa kuonjwa.

Tangu hapo hukagua kila kazi kuanzia ukurasa wa mwisho. Nilidhani kosa lile ndilo lililomfundisha. Huenda nakosea: kwenye sherehe zetu alikuwa akigawa mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, kuanzia benchi la nyuma miaka mingi kabla ya tovuti.

Theopista, ahsante sana. Tunakutakia afya, kihamba chenye rutuba, shamba lako la nyumbani, na wajukuu wasioishiwa hamu ya kukutembelea. Kwa ombi lako, chakula cha leo kitaanzia meza ya nyuma, walipoketi Mzee Sylvanus na wenzake wa Mwika. Mgeni rasmi anaombwa uvumilivu.