Jina la Dalmas Oyoo Chini ya Picha za Mlima Kenya

Bwana asifiwe. Mimi ni Mercyline, dada mkubwa wa marehemu, na kamati ya mazishi imeniomba nisome wasifu wake kwa upole, basi nitajaribu.

Ndugu yetu Dalmas Oyoo alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 kule Ugenya, akiwa wa tatu katika watoto sita, akasoma hukohuko hadi alipomaliza kidato cha nne mwaka 1989, na mwaka 1991 akaja Nairobi, akaajiriwa katika studio ya Bwana Bhagwanji, katikati ya jiji, kupiga picha za pasipoti.

Tarehe 12 Desemba 1998 alimwoa wifi yangu Rael, kanisani Riruta, wakajaliwa Sammy na Rachael.

Tangu mwaka 2003 alifanyia kazi kampuni moja ya picha kule Kilimani, na kila Februari, mbingu zikiwa safi, alipanda ndege ndogo pale Uwanja wa Wilson, mlango umeng'olewa, yeye amefungwa mkanda, glavu amezikata ncha za vidole, akaipiga picha theluji ya Mlima Kenya kutoka upande uleule, ili watu wajionee jinsi barafu inavyopungua, miaka ishirini na miwili bila kukosa hata mmoja.

Hapa kamati itanisamehe. Picha hizo mmeziona kwenye kalenda na vitabu vya watoto wenu, na chini yake pameandikwa "Picha kwa hisani ya", halafu jina la kampuni. Hisani ya nani, jamani? Hisani hutolewa na mwenye nacho, na aliyening'inia kule juu vidole vikifa ganzi alikuwa Dalmas! Mara tatu aliomba jina lake liandikwe, kwa adabu, kofia mkononi, akajibiwa kwamba kibarua haandikwi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hakuomba kingine.

Juni 2024 aligunduliwa kuwa na kansa ya ini, akalazwa mara nne, akatutoka Jumapili tarehe 9 Februari 2025, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Kinoo waliotupikia wiki nzima, na rubani Taranjit, aliyempandisha angani miaka hiyo yote na kumrudisha salama.

Kampuni nayo imetuma hii picha kubwa ya mlima isimame kando ya jeneza, na chini yake, bila haya, wameandika tena yale maneno yao. Asubuhi hii Rael ameyabandika plasta, akaandika juu yake kwa kalamu: Picha imepigwa na Dalmas Oyoo. Picha hii hairudi Kilimani, tunasafiri nayo hadi Ugenya, na wawakilishi wa kampuni nawaona pale hema la pili, kwa hiyo mwenye pingamizi asimame sasa.

Naona hakuna. Pumzika kwa amani, Dalmas Oyoo, mpiga picha.