Amri Isiyo na Utani

IMAKULATA: Haloo? Nani huyo?

LUGEMBE: Mie kaka yako, Lugembe.

IMAKULATA: Shikamoo kaka.

LUGEMBE: Marahaba. Kapteni Omari yupo?

IMAKULATA: Katoka. Mie nafagia tu humu ofisini. Kwani uko daraja—

LUGEMBE: Niko stesheni ya Igalula, kwenye simu ya reli. Sema polepole. Tangu zije hizi redio za mgongoni, simu marufuku. Amri ni redioni tu. Anayeuliza mara ya pili anawekwa ndani.

IMAKULATA: Sasa mbona unapiga?

LUGEMBE: Kapteni kaniita redioni sasa hivi. Kasema niwatoe vijana wanaolinda daraja, asibaki hata mmoja.

IMAKULATA: Umewatoa?

LUGEMBE: Amri ni amri. Wameshaondo—

IMAKULATA: Kapteni hajamwita mtu, kaka. Redio yake iko hapa mezani, tumbo wazi. Betri zimekwisha nguvu, nimezianika juani mwenyewe. Yeye kaenda Gongoni, dukani kwa Yusufali, kubembeleza mpya.

LUGEMBE: [laini inakwaruza] Rudia.

IMAKULATA: Betri ziko juani.

LUGEMBE: Basi ndiyo maana hakunitania.

IMAKULATA: Hakukutania? Kapteni?

LUGEMBE: Hata neno.

IMAKULATA: Mzigua yule, mtani wetu? Hata chai hapokei kwangu mpaka aseme, "Mpagazi wee, mzigo wa Mwarabu umeutua wapi?"

LUGEMBE: Huyu kaniita kwa cheo na jina, kama padri anatangaza ndoa. Redioni kila sauti ni mbuzi ndani ya debe, nikadhani ndiye. Zamani amri ilikuja na tarishi Kashindye juu ya baiskeli. Angalau uso uliuona.

IMAKULATA: Na ile treni ya askari wanaokwenda vitani Kagera?

LUGEMBE: Iko mbele yangu, inajaza maji. Ikitoka hapa ni darajani, na sasa daraja halina mlinzi.

IMAKULATA: Si umwambie stesheni masta aizuie?

LUGEMBE: Nimemwambia. Anataka neno la Kapteni mwenyewe, si langu. Kimbia kwa Yusufali, Imaku—

IMAKULATA: Naenda. Ila wewe usi—

LUGEMBE: Ngoja. Redio inaita.

IMAKULATA: Usiitike.

LUGEMBE: [redio inakoroma kwa mbali]

IMAKULATA: Kaka? Inasemaje?

LUGEMBE: Inasema, "Mpagazi wee. Weka hiyo simu chini, treni ipite."

IMAKULATA: Ya huku bado tumbo wazi, kaka. Naitazama.

LUGEMBE: Basi tunasikilizwa; neno hilo umelitaja wewe sasa hivi, humu simuni. Toka humo, kimbia. Mie nakwenda kukaa relini.

IMAKULATA: Kaka, treni haina huruma—

LUGEMBE: Mama msalimie.

IMAKULATA: Kaka? Haloo? [laini haikatiki, mtu anapumua]...Nani huyo?