Wa Kwanza Kuchaguliwa

Ndani ya gari la abiria, Swadiki aliketi katikati ya ubishi wa watu wasiojuana. Nyuma yake abiria mmoja, Natalina, alikuwa akijisifu: "Mtoto ya dada yangu iko Australia. Kwa ile mpira yao ya kushika na mikono, timu zinachagua vijana kwa zamu. Yeye walichagua wa kwanza!"

"Timu gani inaanza kuchagua?" akauliza mzee wa mlangoni.

"Yenye ilishika mkia."

"Basi mama, wamemtupa kwa wenye kushindwa. Wa mwisho ndiyo anaenda kwa mabingwa."

"Anaenda kukaa benchi!"

Swadiki hakuwahi kuuona mchezo huo, lakini tayari alikuwa upande wa mzee.

Gari likasimama Koboko. Mzee, aliyepanda wa mwisho kule Arua, akateremka wa kwanza. Natalina, aliyeingia likiwa tupu akangoja kwa muda wa saa tatu lijae, alikuwa bado amezibwa kule nyuma.

"Lakini dirisha nilichagua mimi," alisema.